Karatasi Juu ya Taa ya Oili

Taa za barabarani ziligeuka kijani, mvua ikashuka kwa kishindo, na gari dogo la bluu lililokuwa mbele kabisa ya foleni likazimika. Ebo! Honi zilizolia hapo usipime. Foleni ilifika mpaka kwenye duka la magodoro, na kila dereva alikuwa na tusi lake mdomoni anatafuta wa kumtupia.

Koili alikuwa anavuka barabara na mfuko wa spea begani. Koili ni jina la kubandikwa. Mafundi wa gereji ya baba yake mdogo walimpa kwa sababu tangu ajifunze umeme wa magari alikuwa hana mazungumzo mengine. Siku hiyo alivaa koti la mvua la njano lililomfika vifundoni, na ndani yake ovaroli iliyopauka magotini. Angeweza kupita zake. Hakupita. Gari likizimika mbele ya macho yake, mguu wake hauendi. Ni ugonjwa huo, hauna dawa.

Akagonga kioo. "Fungua boneti!"

Kioo kikashuka vidole viwili. "Samahani dada, nimeshampigia fundi."

"Fundi ndiye mimi. Fungua, kabla hao wa nyuma hawajaja kukufungua wewe."

Kijana akashuka. Wee! Suti ya kijivu yenye mistari myembamba, imemkaa utadhani alizaliwa nayo. Tai ya rangi ya damu ya mzee. Na juu ya tai, futi ya kupimia nguo aliyosahau kuivua shingoni. Mvua haikumwonea haya, ikamlowesha pale pale.

"Nipe kitambaa kikavu," Koili alisema, kichwa kimezama kwenye boneti.

"Sina. Nina suti nne tu huko nyuma. Za harusi. Bwana harusi ananisubiri saa nane, na sasa hivi ni saa saba na nusu."

"Lete moja."

"Dada! Nitauawa!"

"Basi vua hiyo tai."

Aliishika tai yake kama mtu anayeagana na ndugu. Kisha akaivua. Koili akaisokota, akaiingiza ndani ya kofia ya distributa, akafuta maji na weusi wote uliokuwamo, akapuliza, akafunga. "Washa!"

Gari likawaka mara moja.

"Distributa yako ina ufa," alimwambia, akiandika namba ya simu nyuma ya risiti ya spea. "Mvua ikinyesha inakunywa maji. Leo nimeikausha, kesho itakuaibisha tena. Njoo gereji tukuwekee mfumo wa kisasa, kila plagi na koili yake."

"Na tai yangu?"

"Kaizike."

Alicheka kicheko kikubwa, mvua inamwingia mdomoni, honi zinalia. Koili aliondoka akijiuliza ni mtu gani huyu anayecheka katikati ya balaa. Usiku ule hakulala vizuri, nami sitaficha kwa nini: kile kicheko kilikuwa kimemkaa kichwani.

Jumatatu gari la bluu likaingia gereji. Mwenye nalo alikuwa mshonaji wa suti, na mafundi wakambatiza pale pale Bwana Suti. Gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama yake kliniki ya macho. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, jicho la kulia limeingia ukungu, anasubiri tarehe ya kufanyiwa upasuaji. Bwana Suti hakutaka gari la kubahatisha.

Baba mdogo alimvuta Koili pembeni, karibu na mapipa ya oili chafu. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na sauti yake ilivyozidi kushuka ndivyo mafundi walivyozidi kuogopa.

"Unataka kona ile ya kufanyia kazi za umeme?"

"Naitaka, baba mdogo. Unajua."

"Hii ndiyo kazi yako ya kwanza ya namna hii. Ikimaliza miezi mitatu bila kurudi, kona ni yako, na ufunguo nitakupa mbele ya watu. Ikirudi imevutwa na kamba, unarudi kwenye kaunta ya duka kuuza spea. Miaka minne umekaa kaunta, unaijua."

Aliijua. Alikuwa akiota namba za fani belti.

"Na kumbuka," baba mdogo aliongeza, "mteja haelezwi. Ukimweleza leo, kesho atashika spana mwenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya gereji ile, na Koili alilelewa nayo.

Kazi ilichukua siku tano. Kwa wasiojua, gari la zamani lina koili moja tu ya kutengeneza moto, na distributa ndiyo inayogawa moto kwa plagi zote nne, zamu kwa zamu. Ikilowa, zote nne zinakosa. Koili alifunga gurudumu la meno kwenye puli ya mbele ya injini, akaweka sensa ya kuyahesabu yale meno, akapeleka nyaya kwenye kompyuta ndogo chini ya dashibodi, na kompyuta ndiyo ikawa inaamua plagi ipi ipewe moto na saa ngapi. Mara ya kwanza kuwasha, injini ilipiga mlipuko mmoja hadi njiwa wa juu ya bati wakahama, kwa sababu alichanganya nyaya mbili. Akazibadilisha. Mara ya pili ikawaka na kutulia kimya, hata baba mdogo akaja kusikiliza akijifanya anatafuta nyundo.

Distributa hakuitoa yote. Kichwa alikikata, lakini shingo na mhimili wake akaviacha vimesimama kule nyuma ya injini, chini ya mabomba ya hewa, akavifunika kwa kifuniko cheusi. Bwana Suti, aliyekuja kila siku na visingizio vyake, akaona.

"Hicho kidude kilichobaki ni cha nini? Si ulisema distributa imekufa?"

Koili aliijua sababu vizuri sana. Akacheka. "Kina kazi zake. Wewe shona."

"Aa, fundi! Mimi nikikushonea suti nitakueleza hata bitana."

"Mimi si mwongeaji kama wewe, Bwana Suti."

Walipotoka kulijaribu barabarani aliona jambo jingine. Ile risiti yenye namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye dashibodi kwa gundi ya karatasi, juu ya taa za tahadhari, mahali pa taa ya oili.

"Mbona umeiweka hapa?"

"Ili niione kila nikiwasha gari."

Fundi yeyote angeibandua pale pale. Koili naye alinyoosha mkono. Kisha moyo ukamlegea, mkono ukarudi mapajani, karatasi ikabaki ilipo. Kumbuka hapo.

Basi, mapenzi yakashika kasi. Simu zilikuwa hazikauki.

"Fundi, gari lina tatizo."

"Tatizo gani tena?"

"Linawaka kila nikiligusa. Halizimiki, halikohoi. Sasa nitakuja gereji kwa sababu gani?"

"Sema umekuja kuchukua tai yako."

"Si uliniambia niizike?"

"Niliifua. Ninayo."

"Mpenzi," Bwana Suti akasema, kwa mara ya kwanza, taratibu. Koili alikuwa ameshika spana. Ikamponyoka ikaangukia kidole cha mguu, akalia kwa maumivu na furaha kwa mpigo mmoja.

Bwana Suti alimshonea gauni la kitani la rangi ya kijani, mabega wazi, kiuno kimebanwa, na kwa kuwa alimjua, akalitia mifuko miwili mirefu. "Ya spana," alisema. Jumapili wakienda kutembea kando ya reli, yeye na gauni lake, Bwana Suti na mikono yake laini ya kushika sindano. Walikaa kwenye vizuizi vya saruji wakala karanga wakapanga maisha. Lakini kila wakipanga, Koili alihesabu siku kimoyomoyo. Zikabaki thelathini. Zikabaki ishirini. Zikabaki tisa.

Siku hiyo zilipobaki tisa, Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi, simu ikalia.

"Fundi…" Alikuwa Bwana Suti, lakini sauti haikuwa yake ya siku zote. "Gari limesimama. Limepiga kelele likasimama. Tupo barabara ya hospitali na mama yumo ndani, leo ndiyo siku ya jicho…"

"Limepiga kelele gani? Niambie vizuri!"

"Limegongagonga, kisha likakaza. Haligeuki hata kidogo."

Kabla hajajibu, simu ilinyang'anywa huko. "Wewe binti wa nyaya!" Ilikuwa sauti iliyowahi kunyamazisha shule nzima. "Miezi saba nimesubiri daktari huyu. Saa mbili na nusu ananiita, mimi niko kando ya barabara na gari ulilolichezea!"

"Shikamoo mama, naomba…"

"Usinishikamoo mimi!" Simu ikakatwa.

Gari lilifika limevutwa kwa kamba, mbele ya gereji nzima. Kamba ile, jamani. Koili aliitazama kamba tu. Baba mdogo akaingiza spana kubwa kwenye nati ya puli, akaning'inia na uzito wake wote. Injini haikusogea hata unywele.

"Imenoki," akasema kwa sauti ya chini kabisa.

Mafundi wakaanza minong'ono. Umeme wake umeunguza injini. Tulisema. Kompyuta kwenye gari la zamani ya nini? Bwana Suti alikuwa amesimama mlangoni, koti begani, uso umemshuka. Alikuwa amempeleka mama hospitali kwa teksi, wakafika wamechelewa, wakapewa tarehe nyingine baada ya wiki sita. Hakumlaumu Koili kwa neno lolote. Heri angemlaumu.

"Ijumaa saa nne," baba mdogo alisema. "Mbele ya mteja na mbele ya hawa wote utaniambia nini kimeua injini hii. Kama ni wewe, kaunta inakusubiri."

Koili alianza kujikagua mwenyewe. Sensa nzima. Meno mazima. Koili zote nne zinatoa moto. Alitafuta kosa lake mpaka akatamani kuliona, angalau aache kutafuta. Jumanne mchana akalala chali chini ya gari, akaingiza tochi kule nyuma ya injini, chini ya mabomba ya hewa.

Kifuniko chake cheusi hakikuwapo. Na shingo ya distributa haikuwapo. Pale palipokuwa na mhimili palikuwa na kifuniko cha alumini kinachometa, kimechongwa kwa ustadi, kimefungwa kwa bolti ile ile.

Kile kidude, ambacho hakukieleza kwa mtu yeyote, ndicho kilichokuwa kinazungusha pampu ya oili. Ndiyo sababu alikiacha. Ukikitoa, pampu inasimama. Injini itawaka vizuri tu, itanguruma vizuri tu, huku ndani vyuma vinasagana vikavu mpaka vigandane.

Akatoka uvunguni, akapiga simu akiwa bado amekaa sakafuni.

"Nani amegusa injini?"

"Mpenzi, habari za…"

"Nakuuliza, nani amefungua boneti baada yangu?"

"Hakuna."

"Hakuna fundi mwingine?"

"Hakuna mtu, fundi wangu. Mimi nimpe nani mwingine gari langu? Wewe tu."

"Unanidanganya."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Kwa sababu nina macho!" Akaikata simu. Ilipolia tena akaizima. Akalia pale pale sakafuni, kwa uchungu wa kweli, akijifuta kwa mkono wenye grisi mpaka uso ukawa haujulikani. Amempelekea fundi mwingine. Hakumwamini tangu mwanzo. Na sasa anamwacha avuliwe nguo mbele za watu, mdomo ameufunga.

Baba mdogo alipoonyeshwa kile kifuniko, kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Umepona, mwanangu! Ijumaa unasema neno moja tu: mteja kagusa. Basi. Hakuna wa kukuuliza tena. Na huyo Bwana Suti akatafute gereji ya kuchekea."

"Nataka kujua nani alimtolea."

"Cha nini? Umepona, nyamaza."

Hakunyamaza. Kifuniko kile alikifungua akakigeuza mkononi. Michoro ya kisu cha mashine ilikuwa myembamba, imepangika. Mtaa mzima ni mtu mmoja tu anayechonga hivyo. Alhamisi akaenda kwenye karakana ya mchonga vyuma, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, sakafu imejaa chembe za chuma.

Akakitua kifuniko mezani. "Hiki ni chako."

Mzee akakiangalia, akamwangalia yeye, akaangalia dari. "Sikumbuki."

"Mzee wangu, nakuheshimu. Injini imekufa, jina langu linakufa kesho saa nne. Nani alikuletea kazi hii? Fundi gani?"

"Fundi? Hapana fundi hapa." Mzee alikuna shingo. "Niliahidi nisiseme. Lakini kama mambo yamefika huko… Wewe ndiye Koili?"

"Ndiye."

Mzee akainama chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa cha suti, kijivu, mistari myembamba. Koili alikijua kitambaa kabla hajafungua. Ndani mlikuwa na shingo ya distributa, imesuguliwa mpaka inang'aa, mhimili wake umesimama wima, na juu ya mhimili, ikizunguka kidogo, pete. Kwenye shingo palichongwa maneno: KWA FUNDI ALIYENIKAUSHA SIKU YA MVUA.

"Aliitoa mwenyewe Jumapili, kwenye yadi yangu," mzee akasema. "Bolti moja tu, mikono yake ilivyo laini nikamwazima glavu. Akasema hiki kidude hakina kazi tena, na ndicho kilichowakutanisha, anataka akupe nacho pete siku ukipewa ufunguo wako. Mimi na injini wapi na wapi, binti yangu? Nilimchongea kifuniko ili vumbi lisiingie."

Koili akakaa kwenye pipa. Akakumbuka swali. Hicho kidude ni cha nini? Na jibu lake mwenyewe, na kile kicheko chake. Wewe shona. Akakumbuka na mkono wake ulionyooka kuelekea kwenye karatasi kisha ukarudi. Taa nyekundu ya oili ilikuwa imewaka njia nzima ya hospitali, chini ya namba yake ya simu, chini ya mwandiko wake, na hakuna aliyeiona.

"Mzee, nipe nikae nacho mpaka kesho."

Ijumaa saa nne gereji ilikuwa kimya, hata kompresa imezimwa. Mama Bwana Suti alikalishwa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, amevaa miwani myeusi na kilemba cheupe kilichonyooka. Bwana Suti alisimama nyuma yake, macho mekundu. Siku tatu alikuwa akipiga simu isiyopokelewa. Koili alivaa ovaroli safi. Alimsalimia mama; safari hii aliitikiwa, kwa sauti ya kukata.

"Haya," baba mdogo akasema. "Nini kimeua injini?"

"Kukosa oili. Pampu haikuzunguka, kwa sababu kitu kinachoizungusha kilitolewa."

"Na nani?"

"Mteja."

Mafundi wakavuta pumzi. Bwana Suti aliinua kichwa, na Koili aliona uso wake unabadilika, rangi inamtoka, anaanza kuelewa. "Kile kidude?" akanong'ona. "Mungu wangu. Kile?"

"Basi!" Baba mdogo akapiga makofi mara moja. "Mmesikia. Kazini."

"Sijamaliza, baba mdogo."

"Umemaliza." Sauti ilishuka mpaka chini. "Ukiongeza neno sitakuwa na la kukutetea. Unanielewa? Kaunta."

Alielewa. Miaka minne ya namba za fani belti ilimpita mbele ya macho. "Aliniuliza. Siku naifunga kazi aliniuliza kidude kile ni cha nini, nami sikumjibu. Nilimcheka. Ningemwambia kwa sentensi moja kwamba kinazungusha pampu ya oili, asingekigusa. La pili: taa ya oili ilikuwa imefunikwa na karatasi. Niliiona. Nilipaswa kuibandua, nikaiacha, kwa sababu…" Akamtazama Bwana Suti. "Kwa sababu ilikuwa namba yangu, na nilipenda kuiona hapo. Injini tumeiua wawili. Mama, jicho lako limechelewa kwa ajili yetu wawili. Nakuomba radhi."

Bwana Suti alikuwa ameshasogea mbele. "Mimi ndiye niliyekitoa, kwa mkono wangu. Na aliponiuliza nikamwambia hakuna aliyegusa. Nilimdanganya kwa sababu nilikuwa nimeficha… nilikuwa nimeficha zawadi, jamani." Akamgeukia. "Ningejua ni hicho, ningesema siku hiyo hiyo. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua," Koili akasema. "Ndiyo maana nimesema."

"Mama," baba mdogo akaanza, kwa aibu ya mwenye gereji, "gari lenu nitampa fundi mwingine, na huyu kuanzia leo yuko kaunta…"

"Ngoja kwanza." Mama akavua miwani. Jicho moja zima, jingine lenye ukungu, yote mawili yakatua kwa Koili. "Mwanangu huyu amenidanganya wiki nzima kwamba gari limekufa kwa uzee. Wewe, mwenye gereji, ulitaka nidanganywe nusu. Mtu mmoja tu hapa amenieleza kitu nikakielewa." Akarudisha miwani. "Kaunta mpeleke, gereji ni yako. Lakini gari letu hatagusa mwingine. Na huyu kijana wangu atamwoshea vyuma mpaka mikono imchubuke."

Ikawa hivyo. Baba mdogo hakuwa mtu wa kurudi nyuma: Koili akarudi kaunta, fani belti na fyuzi, Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Kona ya umeme ikabaki tupu, imefungwa kufuli. Jumamosi mchana na Jumapili ndipo waliposhughulikia injini, wawili, ndani ya ovaroli mbili. Krenki, mhimili mkuu wa injini, ilipelekwa kusagwa, beringi zikanunuliwa mpya. Bwana Suti aliosha kila kipande kwa mafuta ya taa, kucha zikawa nyeusi, wateja wake wa suti wakawa wanamshangaa. Na kila kipande Koili alichokipokea, alikieleza. Hiki kinafanya hivi. Hiki ukikilegeza, kitatokea hiki. Baba mdogo alikuwa akipita akiguna.

Jumapili ya sita kilibaki kipande kimoja. Koili akafungua kile kitambaa cha mistari. Pete akaitoa, akamrudishia Bwana Suti mkononi. Uso wa kijana ukaanguka.

"Unanirudishia?"

"Hii haiwezi kuingia kwenye injini. Hiki kinaingia." Akashusha shingo ya distributa, inayometa na maneno yake, kule nyuma chini ya mabomba ya hewa, akaizungusha mpaka mhimili ukauma kwenye pampu, akakaza bolti. Akafunika kifuniko cheusi. Maandishi yale hakuna atakayeyasoma tena, ila kila injini ikizunguka yatakuwa pale.

"Washa," akasema.

Mama alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma tangu asubuhi. Upasuaji wake ulikuwa kesho, na alisema gari lazima alikague mwenyewe. Baba mdogo alisimama mlangoni na nyundo asiyoihitaji. Bwana Suti akazungusha ufunguo. Dashibodi haikuwa na karatasi. Taa nyekundu ya oili ikawaka wazi mbele yao wote, moja, mbili, injini ikanguruma, na taa ikazimika.

Kitu kikalia *chwaa* kwenye bati la boneti. Ufunguo wa kufuli la kona. Koili alipogeuka, baba mdogo alikuwa ameshaondoka.

Bwana Suti hakuzima gari. Aliishika ile pete kwa vidole vyeusi vya grisi, akamtazama Koili kupitia dirishani kama siku ya foleni, safari hii hakuna mvua.

"Fundi, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Hii pete ni ya nini?"

Mama akajikohoza huko nyuma. Koili akaegemea dirisha, akaunyoosha mkono wenye oili mpaka kiwiko.

"Hiyo nitakueleza yote," akasema. "Nivalishe kwanza."